Sura ya Saba: Diski Iliyojaa Kuliko Zote

Ukimuuliza msimamizi wa hifadhi ya kompyuta amebakiwa na nafasi kiasi gani, atakujibu kwa jumla. Ana diski 10 za terabaiti 4 kila moja, kwa hiyo terabaiti 40. Zimetumika 28, zimebaki 12. Hesabu ni safi, na haimsaidii kitu. Siku moja mfumo utagoma kupokea hata barua ya kurasa mbili, naye atabaki anaitumbulia macho ile 12 kwenye kioo. Nafasi haijaibwa. Ipo, ila imelala kwenye diski ambazo barua ile haikupangiwa.

Hifadhi iliyotawanywa juu ya mashine nyingi haijai kwa wastani. Inajaa kwa ile diski moja iliyowatangulia wenzake. Ceph, mfumo unaotumika kwenye vituo vikubwa vya data na uliotokana na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, unalisema hili waziwazi. Diski yoyote ikifika asilimia 85, Ceph inaonya. Ikifika 90, inakataa kupokea data inayohamishwa kutoka diski nyingine. Ikifika 95, kuandika kunakoma, na si kwenye diski hiyo peke yake: fungu zima la data lenye kipande hata kimoja pale linafungwa. Wanaosoma wanaendelea kusoma, wanaoandika wanasubiri. Ukali huo una sababu. Diski ikijaa kabisa, mashine inakosa hata pa kuandikia kumbukumbu za kujitengeneza, na kuifufua hapo ni kazi ya kukesha.

Lakini kwa nini diski za ukubwa mmoja, zilizonunuliwa siku moja, zisijae sawasawa?

Kuna njia mbili za kuamua faili likae wapi. Ya kwanza ni kuweka daftari: mashine moja inajua kila kitu kiko wapi, na wengine wote wanaiuliza. Ya pili ni kutoweka daftari kabisa. Unachukua jina la faili, unalipitisha kwenye kanuni ya hesabu, inatoka namba, na namba ndiyo inayokupeleka kwenye diski. Kila mashine inaweza kufanya hesabu hiyo peke yake bila kumuuliza mtu. Ugumu wa njia hii zamani ulikuwa kwamba ukiongeza mashine moja, karibu kila faili lilibadilishiwa makao. Mwaka 1997 David Karger, Daniel Lewin na wenzao wa MIT walichapisha namna ya kupanga hesabu hiyo ili mashine mpya ihamishe sehemu ndogo tu, ile inayoistahili. Mwaka uliofuata Lewin na mwalimu wake Tom Leighton walianzisha kampuni ya Akamai juu ya wazo hilo. Lewin hakufika mbali nalo: alikuwa ndani ya ndege ya kwanza iliyogonga majengo ya New York tarehe 11 Septemba 2001.

Njia hiyo haina upendeleo, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kutopendelea si kugawa sawa. Tawanya mafaili milioni moja juu ya diski milioni moja bila kuchagua. Wastani ni faili moja kwa diski. Ukweli ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya diski zitabaki tupu kabisa, na ile iliyoonewa kuliko zote itabeba manane au tisa. Sasa badilisha kitu kimoja tu: kwa kila faili, taja diski mbili bila kuchagua, kisha uliweke kwenye ile yenye nafasi zaidi. Iliyoonewa kuliko zote itabeba manne. Yossi Azar, Andrei Broder, Anna Karlin na Eli Upfal walilithibitisha jambo hili kwa hesabu mwaka 1994, na sijaona kanuni nyingine katika fani hii inayolipa namna hiyo kwa kazi ndogo namna hiyo.

Ceph haiulizi diski mbili. Inakata data katika vipande, na kila diski hupewa vipande karibu 100 kwa bahati nasibu. Bahati ya namna hiyo huyumba kwa vipande kama 10 juu au chini, na diski zikiwa nyingi haikosi mojawapo itakayokuwa na 130. Fanya hesabu: diski hiyo itafika asilimia 95 wakati wastani wa zote uko 73. Yaani robo ya fedha uliyonunulia diski hutaigusa kamwe. Kwa miaka wasimamizi walikuwa wakipunguza kwa mkono uzito wa diski moja moja, yaani kiasi cha data inachopangiwa. Mwaka 2017 toleo la Ceph liitwalo Luminous lilileta orodha ya mambo ya pekee: kanuni iseme inavyosema, ila kipande hiki na kile vikae pale. Daftari lililofukuzwa mlangoni likarudi kupitia dirishani, safari hii likiwa dogo.

Tupande sasa Cimpunda, mtaa wa mteremko katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu, ambako nyumba zimebanana na paa la huyu linakaribia usawa wa mlango wa yule. Tuseme wako vijana watatu wanaorekodi harusi, komunyo na matanga. Mfano ni wa kubuni, vifaa vyake si vya kubuni. Kila mmoja ana kompyuta ya zamani ya mezani yenye diski ndani, na wameziunganisha kwa GlusterFS, mfumo wa bure uliotengenezwa na kampuni ya Gluster kabla Red Hat haijainunua mwaka 2011. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, kule Nairobi, nayo imewahi kuuweka mfumo huu kwenye klasta inayotumiwa na watafiti wa vinasaba, kwa hiyo si kitu cha kuchezea.

GlusterFS haina daftari. Jina la faili ndilo linaloamua mashine. Picha 3,000 za ubatizo zitajigawa vizuri juu ya mashine tatu, kwa sababu ni nyingi na zote ni ndogo. Video ya harusi iliyokwisha kuhaririwa ni jambo jingine. Ni faili moja, gigabaiti 60, na kwa mpangilio wa kawaida GlusterFS hailikati: linakaa lote kwenye mashine moja, kule jina lilikolipeleka. Harusi tano za Agosti zikiangukia mashine ileile, hakuna mtu aliyekosea, na mashine ile imekula gigabaiti 300 huku wenzake wanaangalia.

Kuna ulinzi. Mashine ikibakiwa na chini ya asilimia 10 ya nafasi, faili jipya linaelekezwa kwa jirani, na pale lilipopaswa kukaa panaachwa alama isiyo na kitu ndani, inayosema tu: nenda kule. Alama kama hiyo huachwa pia unapobadilisha jina. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya video anajua faili huanza likiitwa harusi, likawa harusi_mwisho, kisha harusi_mwisho_kabisa baada ya mama wa bibi harusi kudai aongezewe dakika za shangazi. Kila jina jipya linaweza kuangukia mashine nyingine kwa hesabu, lakini data yenyewe haisogei. Inabaki ilipozaliwa, na alama ndiyo inayoonyesha njia.

Ulinzi huo una tundu moja kubwa. Unaangalia nafasi wakati faili linapofunguliwa, na wakati huo video ina ukubwa wa sifuri. Programu ya kuhariri inaanza kumwaga picha, faili linakua saa baada ya saa, na mashine iliyokuwa na gigabaiti 50 inapoishiwa, faili la gigabaiti 60 haliwezi kuhama likiwa katikati. Kazi inakatika usiku, huku mashine nyingine mbili zina gigabaiti 800 tupu. Kwa studio ya namna hii dawa si kusawazisha kila wiki. Dawa ni kuwasha mgawanyo wa vipande, ili faili kubwa likatwe na kutawanywa tangu linapoandikwa. Ndiyo maana mifumo mikubwa mingi hukata: HDFS, hifadhi ya Hadoop, hukata data kwa megabaiti 128. Ukubwa ulio sawa ni nusu ya usawa.

Sasa vijana wamepata fedha wakanunua mashine ya nne, tupu, ya terabaiti 4. Akili ya haraka inasema mafaili yote mapya yaende huko mpaka ilingane na wenzake. Wahandisi wa Google waliandika juu ya kosa hilo mwaka 2003, walipoeleza mfumo wao wa mafaili. Nakala mpya za data, walisema, ziwekwe kwenye mashine zilizo chini ya wastani wa matumizi, lakini kuwe na kikomo cha nakala mpya ambazo mashine moja inaweza kupewa kwa kipindi kifupi. Sababu ni kwamba nakala iliyoundwa sasa ndiyo itakayoandikwa kwa wingi muda si mrefu. Diski tupu ikipokea kila kitu kipya, waandikaji wote wa siku ile watakutana kwenye mlango mmoja, na mashine mpya itazidiwa huku za zamani zimekaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Google wao wakaongeza kwamba jembe lenyewe liwe dogo.

Kusawazisha kwa nguvu, yaani kuhamisha data ya zamani kuipeleka kwenye diski mpya, kuna gharama ambayo bei ya diski haiionyeshi. HDFS ina chombo chake cha kazi hiyo. Kinaacha tofauti ya asilimia 10 juu au chini ya wastani bila kuigusa, na kwa miaka mingi kiliwekewa kasi ya megabaiti 1 kwa sekunde kwa kila mashine. Terabaiti moja kwa kasi hiyo ni zaidi ya siku 11. Si uvivu. Kila megabaiti inayohamishwa inapita kwenye waya uleule unaotumiwa na watu, na inasomwa na sindano ileile ya diski. Ukiharakisha, unasawazisha nafasi na kuharibu kazi. HDFS yenyewe ina tabia ya kuharibu usawa kwa makusudi: nakala ya kwanza huwekwa kwenye mashine ileile inayoandika, ili kuokoa safari. Mashine inayoingiza data kila siku inajaa kwanza. Msimamizi asiyelijua hilo atasawazisha Jumatatu, na Ijumaa atakuta mambo yamerudi palepale.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba umeme upo. Bukavu imekaa mdomoni mwa Ruzizi, pale mto unapotoka Ziwa Kivu. Bwawa la Ruzizi I, la tangu mwisho wa miaka ya 1950, lina uwezo wa megawati karibu 30. Ruzizi II, la 1989, lina karibu 44, nazo zinagawanywa kwa nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Mji umekua mara nyingi kupita mabwawa yake, na shirika la umeme, SNEL, linapokata, mtu wa Cimpunda haulizi kwa nini. Anauliza utarudi lini.

Mifumo ya hifadhi haiulizi lini. Inahesabu. Ceph, kama ilivyotoka kwa watengenezaji wake, husubiri mashine iliyonyamaza kwa dakika 10. HDFS husubiri dakika 10 na nusu. Muda ukipita, mashine inahesabiwa kuwa imekufa, na waliobaki wanaanza kutengeneza upya nakala zilizokuwa kwake. Dakika 10 zina maana kule ambako umeme haukatiki, na mashine ikinyamaza ni kweli imeharibika. Kadutu, dakika 10 ni muda wa kutafuta mshumaa.

Tufuate kinachotokea. Vijana wetu wamekua, wametoka GlusterFS wakahamia Ceph, na wamesambaza mashine katika komini tatu ili ajali moja isiwamalize. Cimpunda kuna terabaiti 8, Ibanda 8, Bagira 2. Kila data ina nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti. Wana data ya terabaiti 6, kwa nakala mbili inakuwa 12 kati ya 18, na nyumba zote tatu ziko kwenye asilimia 67. Usawa kamili, msimamizi analala.

Jioni umeme wa Cimpunda unakatika. Baada ya dakika 10 Ceph inaona kwamba data nyingi imebaki na nakala moja tu. Nakala za pili zinatakiwa, na haziwezi kukaa nyumba moja na za kwanza, kwa hiyo zile zilizobaki Ibanda lazima zinakiliwe Bagira. Ibanda imebeba zaidi ya terabaiti 4 za namna hiyo. Bagira ina nafasi ya theluthi mbili ya terabaiti moja. Kwa antena zinazounganisha nyumba hizo na kusukuma megabaiti 10 kwa sekunde, Bagira inafika asilimia 90 baada ya saa 13, inakataa kupokea zaidi, kisha kazi mpya za wateja zinaisogeza taratibu kuelekea 95. Ikifika hapo, studio nzima haiandiki. Ibanda ina karibu terabaiti mbili tupu, Cimpunda ina karibu tatu gizani, na kilichofunga milango ni diski ndogo kuliko zote katika nyumba isiyo na tatizo la umeme. Umeme unaporudi, Ceph inaanza kufuta nakala za ziada na kurudisha mambo yalivyokuwa, na waya unajaa kwa mara ya pili kwa kazi isiyomletea mtu yeyote chochote.

Kwa hiyo hapa kwetu kitu cha kwanza cha kurekebisha si uzito wa diski. Ni muda wa kusubiri. Uongeze mpaka uzidi ukatikaji wa kawaida wa mtaa wako, na ukijua mapema kwamba umeme utakatwa, iambie Ceph isimhesabu yeyote kuwa amekufa mpaka utakapoondoa agizo hilo. Katika jambo hili GlusterFS, ambayo haijaribu kuwa na akili nyingi, ilikuwa inatufaa zaidi: ikiwekewa nakala, inamsubiri aliyenyamaza na kumjazia alichokikosa akirudi. Bahati mbaya Red Hat waliacha kuihudumia bidhaa yao ya Gluster mwishoni mwa 2024, na kuanza nayo leo sikushauri.

Kusubiri kuna bei. Kwa muda wote ule, data ya Cimpunda ina nakala moja tu iliyo hai, na nyumba za Kadutu, zilizosongamana na nyingi zikiwa za mbao, zimeungua mara nyingi. Kwa mfumo, umeme uliokatika na nyumba iliyoungua ni kimya kilekile. Tofauti anaijua jirani mwenye simu. Mfumo mzuri wa Bukavu ni ule unaomwachia mtu huyo uamuzi: subiri kwa saa nyingi, lakini amri ya kuanza kunakili upya iwe mkononi mwa mtu aliyepiga simu na kujibiwa.

Imebaki hesabu ya kununua, na hapa ndipo nimeona fedha nyingi zikipotea. Kwa nakala mbili, zile 8, 8 na 2 zinabeba data ya terabaiti 9 kwa kipimo cha mwisho kabisa. Ongeza diski ya terabaiti 8 Cimpunda, kwa sababu ndiko mnakofanyia kazi na ndiko kuna nafasi mezani: mtabeba 10. Terabaiti 8 zimewapa 1, kwa kuwa kila kinachokaa Cimpunda kinahitaji mwenzake katika nyumba nyingine, na nyumba nyingine hazikukua. Ongeza terabaiti 2 tu Bagira: mtabeba 10 vilevile.

Mkitaka nakala tatu, moja katika kila nyumba, tofauti ni kubwa zaidi. Leo mnabeba terabaiti 2, kwa sababu Bagira ina 2. Diski ya 8 ikipelekwa Cimpunda au Ibanda, mtaendelea kubeba 2. Diski ya 2 ikipelekwa Bagira, mtabeba 4.